Samani za urithi: nta, shelaki, mafuta, vanishi au laka?

Kasha la njumu lililokaa chini ya dirisha miaka hamsini, samadari, kile kitanda chenye vioo kichwani, meza ya mninga iliyojaa miviringo myeupe ya vikombe: vyote hufikishwa karakana na agizo lilelile, "Fundi, kiwe kama kipya." Fundi naye hutii. Anawasha mashine ya msasa, anapiga senda ya kujaza vinyweleo vya mti na klia ya kung'arisha, na kesho yake kasha linang'aa kama lililochongwa juzi. Ubaya wenyewe ndio huo: halina tena tofauti na lililochongwa juzi.

Umri wa mbao unakaa juu kabisa. Jua, hewa, mikono na moshi wa udi hubadilisha rangi ya tabaka ambalo unene wake haufiki milimita moja. Ukichimba chini yake unakuta mti wa rangi nyingine, uliopauka au wenye wekundu mbichi. Kingo zilizolainika kwa kushikwa, mawimbi ya randa ya mkono yanayoonekana ukiitazama meza kwa ubavu, ncha za nakshi zilizolika kidogo, vyote vimo kwenye tabaka hilo. Msasa namba 80 unalimaliza kwa dakika mbili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza upake nini, uliza kama kuna haja ya kuvua kilichopo. Mara nyingi haipo.

Kwanza ujue kilichopo

Tafuta mahali pasipoonekana: upande wa ndani wa mguu wa nyuma, chini ya ukingo wa meza, nyuma ya kitakizo cha kitanda. Pafute kwa kitambaa chenye tapentaini ili nta itoke, kisha jaribu kwa mfuatano.

Dondosha tone moja la spiriti, ile ya kuwashia majiko. Subiri nusu dakika, gusa kwa pamba. Pakinata kama asali na pamba ikatoka na rangi ya kahawia, hiyo ni shelaki. Ndiyo iliyokuwa polishi ya samani za heshima kabla laka za viwandani hazijaanza kuenea miaka ya 1920. Spiriti isipofanya kitu, dondosha tina, kiyeyusho cha laka, mahali pengine. Pakilainika na kunata ni laka. Pakikunjamana na kuinuka kama utando wa maziwa yaliyochemka, ni vanishi ya mafuta au rangi ya mafuta. Pasipotikisika kabisa, huenda ni poliurethani, vanishi ngumu ya kisasa. Na tone la maji likizama mara moja na kuacha doa la giza, hapo hakuna ngozi, yaani tabaka la mpako: ni mti mtupu, au nta na mafuta yaliyokwisha.

Dakika tano hizo zinaamua mengi, kwa sababu shelaki na laka huweza kufufuliwa zilipo bila kuvuliwa. Vanishi na poliurethani haziwezi.

Kusafisha, kufufua au kuvua

Safisha hata kama umekwisha kuamua kuvua. Maji ya vuguvugu lita moja, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, na kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi. Futa eneo la ukubwa wa sahani, kausha papo hapo, ndipo uende eneo jingine. Maji yakituama kwenye viungo hulainisha gundi ya zamani, ile iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa, na kwenye vinia, ule ubao mwembamba uliobandikwa juu ya mwingine, huleta malengelenge. Sabuni ikimaliza kazi yake, ingia na tapentaini kwenye kitambaa kingine. Hiyo ndiyo inayotoa nta ya miaka, mafuta ya nywele kwenye mgongo wa kiti, masizi ya chemli na ya chetezo. Kwenye nakshi tumia mswaki laini na vijiti vya pamba vya masikio. Kitambaa kikitoka cheusi usiogope. Kikianza kutoka na rangi ya ngozi yenyewe, simama, umeanza kuila.

Vitu vingi vingeweza kuishia hapo, na nta juu yake. Watu hawaamini mpaka waone nusu iliyosafishwa ikiwa ubavuni mwa nusu isiyosafishwa.

Kufufua ni hatua ya pili, nayo ni kwa shelaki na laka tu. Shelaki iliyopasukapasuka kama tope la bwawa lililokauka haijafa. Changanya spiriti sehemu tisa na shelaki iliyokwisha kuyeyushwa sehemu moja, chukua brashi laini ya manyoya ya upana wa sentimita 5, pitisha mara moja kufuata mishipa ya mti, usirudi nyuma. Ngozi ya zamani italainika, itatiririka kidogo, itaziba nyufa zake yenyewe. Acha saa nzima kabla ya kurudia. Kosa la kawaida ni mkono kurudi palepale mara tatu: brashi hubeba ngozi iliyolainika na kuiacha na mikunjo. Kwa laka kazi ni hiyohiyo, ila kwa tina, na haraka zaidi.

Mviringo mweupe wa kikombe ni unyevu ulionaswa ndani ya ngozi, haujafika kwenye mti. Kunja kitambaa, kinusishe spiriti tu, kipitishe juu ya mviringo kwa wepesi wa kupangusa vumbi kwenye kioo. Weupe huondoka wakati unaangalia. Mviringo mweusi ni habari nyingine: maji yamepenya hadi kwenye mti, na chuma kimekutana na tanini, asidi ya asili iliyomo ndani ya mti. Huo hautoki bila kuvua ngozi na kutumia asidi ya oksaliki, vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji moto, ndani ya chombo cha plastiki. Paka uso mzima wa ubao, si doa peke yake, la sivyo utabaki na doa jeupe mahali pa jeusi. Ikikauka, suuza kwa kitambaa chenye maji safi mara tatu. Ni sumu, na vumbi la chembe zake huchoma pua na mapafu. Vaa glavu na barakoa.

Kuvua ni kwa ngozi iliyobanduka, rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya mti mzuri, au poliurethani iliyochubuka vipande. Njia ziko tano na hazilingani hata kidogo.

Spiriti kwa shelaki, au tina kwa laka, ndiyo njia ya upole kuliko zote. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya ubao, funika kwa plastiki dakika kumi, kisha kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Kadi haichubui mti, bapa la chuma linachubua. Kwenye mifereji ya nakshi na miguu iliyokerezwa, zungusha kamba ya katani na uivute huku na huku. Nyuzi zake zinaingia pasipoingia kidole. Rangi ya umri inabaki karibu yote.

Dawa ya kuvua rangi, ile nzito kama uji, ni ya lazima kwa vanishi na rangi ya mafuta. Soma kopo. Zenye kloridi ya methilini hufanya kazi kwa dakika chache, lakini mvuke wake umeua watu waliokuwa wakivua rangi ndani ya vyumba visivyo na hewa. Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Tafuta isiyo nayo, vumilia saa kadhaa badala ya dakika, fanyia kazi uani.

Kostiki soda inavutia kwa bei. Lakini inaufanya mti wenye tanini kuwa mweusi, inanyanyua nyuzi zake kama manyoya ya paka aliyeloa, na inayeyusha gundi ya viungo. Samani za urithi zisiikaribie. Mashine ya hewa moto huvua rangi nene vizuri kwenye mlango. Kwenye vinia inaachanisha gundi, na kwenye rangi ya zamani inaweza kutoa mvuke wa risasi, ile metali yenye sumu. Kwa sababu hiyohiyo ya risasi, rangi ya zamani isipigwe msasa ikiwa kavu.

Msasa uwe wa mwisho. Namba 220 kwa mkono, kufuata mishipa, ukilainisha tu nyuzi zilizonyanyuka, mipito mitatu au minne. Namba 320 kati ya mkono mmoja wa mpako na mwingine. Mashine ya duara huacha vijiviringo usivyoviona mpaka rangi iingie, halafu unaviona kila siku ya maisha yako. Vinia ya kabati la miaka ya 1960 ina unene wa milimita moja au chini yake. Mashine ikitulia pembeni sekunde chache, unauona ubao wa chini, na hapo hakuna marekebisho ila kubandika kipande kipya. Usitumie steliwuli pamoja na maji: nyuzi za chuma zinazobaki kwenye vinyweleo vya mti hupata kutu na kuacha vidoa vyeusi.

Mipako mitano

Jedwali hili lichukue kama ramani tu. Maelezo yako chini yake.

| Mpako | Mikono | Muda kati ya mikono | Maji na moto | Kurekebisha baadaye |
|---|---|---|---|---|
| Nta ya nyuki | 2 | nusu siku | dhaifu | rahisi sana |
| Shelaki | 3 kwa brashi, zaidi kwa pamba | dakika 30 hadi 60 | dhaifu | rahisi |
| Mafuta ya kitani | 3 | saa 24 au zaidi | wastani | rahisi |
| Poliurethani | 3 | saa 12 hadi 24 | imara | ngumu, mara nyingi ni kuvua yote |
| Laka ya nitroselulosi | 3 hadi 4 | dakika 30 hivi | wastani | inawezekana, kwa mwenye spreya |

Nta ndiyo isiyoharibu kitu. Gramu 100 za nta ya nyuki, iwe ya Tabora au ya kwenu, na mililita 250 za tapentaini. Yeyusha nta ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji moto, zima jiko, ondoa kopo mbali na moto, ndipo umimine tapentaini. Anayeimimina jikoni moto ukiwaka anaunguza nyumba. Ikipoa inakuwa kama samli. Paka kidogo, kidogo kuliko unavyodhani, subiri dakika 20 hadi 30, kisha sugua kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiache alama. Ikinata, umepaka nyingi: futa kwa tapentaini uanze tena. Nta iliyoachwa nene kwenye nakshi hukusanya vumbi, na Pwani vumbi hilo huota ukungu wakati wa masika. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo kikombe cha chai ya moto kinaacha alama. Haifai kwa uso wa meza, inafaa kwa karibu kila kitu kingine ambacho tayari kina ngozi nzima chini yake.

Shelaki ni utomvu wa wadudu wa miti, hasa kutoka India na Thailand, na huuzwa kama vipande vyembamba mfano wa maganda ya kitunguu. Iko ya dhahabu, ya kahawia, na ya damu ya mzee ambayo inakaa vizuri mno kwenye mbao nyekundu. Kwa kiti kimoja au kasha moja, gramu 30 ndani ya mililita 250 za spiriti zinatosha kusugulia. Ukitaka kupaka kwa brashi, weka gramu 60. Loweka usiku kucha kwenye chupa ya kioo, tikisa, chuja kwa bafta. Spiriti iwe ya asilimia 95 au zaidi, maana iliyochanganywa na maji huacha ngozi nyeupe kama pumzi kwenye kioo. Changanya ya miezi sita tu. Shelaki iliyochakaa ndani ya chupa haikauki tena, na huo ndio ugonjwa ambao watu husingizia hali ya hewa. Dondosha tone kwenye kigae: kesho yake likiingia ukucha, mwaga.

Kusugua kunafanyika hivi. Tengeneza kifundo cha pamba cha ukubwa wa yai, kifunge ndani ya bafta jeupe au kipande cha shuka kuukuu (kanga inachuja rangi), tia shelaki kwa ndani, kamua mpaka kikiguswa mdomoni mwa kopo kisiache tone. Ingia juu ya ubao kifundo kikiwa tayari kinatembea, kama ndege inavyotua, na utoke hivyohivyo. Kifundo kikisimama hata kidogo kinashika na kung'oa kilicho chini. Kikianza kukwaruza, weka tone moja la mafuta ya watoto juu ya kitambaa, moja tu. Zungusha duara, halafu nane, halafu mistari mirefu. Mipito sita hadi kumi, acha mpaka kesho, rudia siku mbili au tatu. Ni kazi ya mkono na haina njia ya mkato, lakini ndiyo pekee inayotoa mng'ao unaoonekana kutoka ndani ya mti.

Fanyia kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Alfajiri ya Mombasa au Tanga ina unyevu wa kutosha kuifanya shelaki na laka kuwa na ukungu mweupe. Ukitokea, usivue, siku kavu ipitishie spiriti kidogo, utaondoka.

Mafuta ya kitani yana mashabiki wengi, na sehemu ya sifa hizo ni uvivu: ni kupaka na kufuta tu. Chukua yaliyochemshwa, maana mabichi hukaa siku nyingi bila kukauka. Mkono wa kwanza nusu mafuta nusu tapentaini, subiri dakika 15 hadi 20, futa yote yaliyobaki juu. Sema tena: yote. Yanayobaki hugeuka gundi inayokamata vumbi. Yanaufanya mti kuwa wa giza mwaka hadi mwaka, jambo ambalo kwa mninga linapendeza na kwa mbao nyeupe linachukiza, na mahali penye unyevu yanalisha ukungu. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze kwenye waya nje mpaka vikauke viwe vigumu, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Na mafuta ya nazi? Bibi alipaka, na kasha liling'aa sikukuu nzima. Lakini hayakauki kamwe. Yanabaki majimaji ndani ya vinyweleo, yanachacha, na siku ukitaka kupaka chochote kingine hakishiki. Ya alizeti ya jikoni nayo yaache jikoni.

Poliurethani, ambayo dukani huitwa tu vanishi, ndiyo ngumu kuliko zote. Inastahimili chai, mchuzi, madaftari ya watoto. Udhaifu wake ni kwamba mkono mpya hauyeyuki kuingia kwenye wa zamani, unakaa juu yake tu. Mkwaruzo mmoja hauzibiki bila kuonekana, na ikianza kubanduka unavua meza nzima kwa dawa. Pia inaziba nakshi na kuupa mti sura ya plastiki. Yote mawili hupungua sana ukiichanganya nusu kwa nusu na tapentaini na kuipaka kwa kitambaa badala ya brashi, mikono mitano hadi sita myembamba. Koroga kopo, usilitikise, mapovu yatahamia mezani. Ukiona vishimo vidogo vya mviringo vinafunguka ndani ya mpako mbichi, sababu ni silikoni kutoka kwenye polishi za kupulizia zilizotumika miaka yote. Futa yote kabla haijakauka, paka shelaki mkono mmoja kama kizuizi, ndipo urudi. Shelaki hiyo iwe ile iliyoondolewa nta yake ya asili, kwa sababu poliurethani haishiki vizuri juu ya nta.

Laka, pamoja na senda yake, ni mpako wa karakana. Inataka kompresa, spreya, tina nyingi na barakoa ya kweli yenye kichujio cha mvuke. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Inakauka haraka, inarekebishika kwa laka nyingine, na kwa kabati la kiwandani lililokuwa na laka tangu mwanzo ndiyo chaguo la haki. Tatizo linakuja senda inapopigwa mikono mitatu ili kujaza vinyweleo vya mti mpaka uso uwe kioo. Mninga na mkangazi ni miti yenye vinyweleo wazi. Ukivijaza, umefuta saini yake.

Mti nao una maoni yake

Mvule na mtiki (wengine husema msaji) vina kemikali za asili zinazozuia mafuta kukauka. Mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta juu yake huweza kunata wiki nzima na zaidi, na mwenye meza akamlaumu muuza vanishi. Mpingo, pamoja na jamaa zake, una tabia hiyohiyo. Dawa yake ni kufuta uso kwa tina, na ndani ya nusu saa kupaka mkono mmoja mwembamba wa shelaki isiyo na nta. Juu ya hapo, lolote hukauka.

Vumbi la mvule linawasha ngozi, linapigisha chafya, na wapo linaowaletea pumu. Mpingo vilevile. Mpingo wa kweli hauhitaji rangi. Fundi akikuletea kopo la polishi nyeusi ya viatu, muulize kwanza mti wenyewe ni upi.

Ukilazimika kuunganisha rangi ya kiraka kipya na ya ubao mkongwe, lowesha vyote viwili kwa spiriti na uvitazame vikiwa vimelowa. Hiyo ndiyo rangi utakayoipata chini ya mpako. Anayelinganisha rangi kavu hukosea karibu kila mara.

Kipi kwa kipi

Kasha la njumu: nta, na hakuna zaidi. Ndani usipake kitu chochote. Vanishi ndani ya sanduku lililofungwa inatoa harufu miezi mingi, inanatia nguo, na kama ni sanduku la kafuri umeziba harufu iliyokuwa sababu ya kulinunua. Shaba ndiyo inayoharibiwa kwa upendo. Limau, ukwaju na chumvi huing'arisha sinia kwa sababu unaweza kuisuuza. Kwenye kasha asidi hunywewa na mti na kuacha kivuli cheusi kuzunguka kila msumari. Polishi ya shaba nayo huacha unga mweupe kwenye nakshi. Kama lazima ing'ae, kata tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari kwenye kadi ngumu, liweke juu, sugua kupitia hapo, mmoja mmoja. Kasha lenye misumari mia tatu litakufundisha kuipenda shaba iliyofifia.

Samadari: shelaki kwenye nguzo na vitakizo, nta tu kwenye mifumbati ambayo hufunikwa na shuka. Geuza matendegu utazame nyayo zake. Maji ya deki hunywewa kutokea hapo chini, na ndipo uozo unapoanzia wakati juu kunang'aa. Paka nyayo hizo vanishi mikono mitatu, mti unywe mpaka ushibe.

Kiti cha enzi chenye njumu za mfupa au pembe: brashi kavu, nta kidogo kwenye mpingo, na usiguse njumu kwa maji wala joto, zinajipinda na kutoka kwenye vitanda vyake. Zikiwa ni pembe za ndovu, fahamu kwamba kukivusha mpaka kiti hicho ni jambo la vibali.

Meza ya chakula inayotumika kila siku: hapa poliurethani imepata pahali pake, ile ya kupaka kwa kitambaa, juu ya uso peke yake. Miguu na fremu zibaki na shelaki yake. Anayetaka meza nzima iwe ya shelaki awe tayari kuweka mikeka chini ya kila sufuria. Wapo, na meza zao ndizo nzuri zaidi.

Benchi la barazani linalopigwa jua: usitumie mpako wowote wa kung'aa. Jua hupita ndani yake na kuuchoma mti ulio chini, ngozi ikabanduka kwa vipande. Mafuta kila mwaka, au uachie mti ugeuke kijivu.

Viungo vinavyocheza vitengenezwe kabla ya mpako wowote. Siki ya moto inalainisha gundi ya zamani. Ndimi, zile ncha za mbao zinazoingia ndani ya kiungo, zikisafishwa, tia gundi nyeupe ya mbao, funga kwa kamba iliyokazwa na kijiti kwa saa 24. Msumari kwenye kiungo hupasua ulimi na humaliza kiti. Na ukikuta unga laini mbichi chini ya vitundu vya milimita moja au mbili, wadudu wangali ndani: dawa ya mbao kwa bomba la sindano kwenye kila kitundu, rudia baada ya wiki mbili. Mafuta ya taa hayafiki walipo, na yatazuia mpako kushika.

Ukimpa fundi kazi, mpe na masharti kwa maandishi: hakuna mashine ya msasa, bawaba na parafujo za zamani zirudi mahali pake, na kila mpako ujaribiwe kwanza nyuma ya mlango wa kabati. Muulize atatumia nini kuvua. Akijibu "msasa" kabla hajagusa ubao, chukua kitu chako uondoke nacho.

Kazi ikirudi nyumbani, shelaki ipe wiki moja kabla ya kuweka kitu kizito juu yake. Poliurethani inaonekana kavu kesho yake, ila kukomaa kwake huchukua wiki tatu hadi nne. Kitambaa cha plastiki cha maua kikitandikwa kabla ya hapo kinagandana na meza, na siku ya kukibandua yanabaki maua.